Padre Aliyeitika

Bi Sada wa Hamugembe, mjini Bukoba, alikuwa na njia yake ya kwenda sokoni, na njia hiyo haikupita mbele ya kanisa kuu. Mtu mwenye haraka zake angenyoosha tu barabara, akafika, akanunua dagaa wake, akarudi. Yeye alikata kona, akazunguka nyuma ya nyumba za watu, akapita katikati ya migomba ya jirani ambaye hakumwomba hata ruhusa, akatokea upande wa pili kanga imelowa umande mpaka magotini. Huu ulikuwa mwaka wa saba. Vijana wa bodaboda walishamzoea, na kila wakiiona ile kanga inapotelea migombani waliambiana, "Bi Sada anamkwepa padre."

Ni kweli alikuwa anamkwepa padre, ingawa padre mwenyewe hakuwahi kukaa pale hata siku moja. Alikuwa padre wa jeshi, mtu wa Muleba, na wakati huo wote alikuwa ama kambini ama hospitalini. Lakini hasira za Bi Sada hazikuwa na nafasi ya kuuliza padre gani anakaa wapi. Kanisa lilikuwa kanisa, na yeye hakutaka hata kivuli chake kimguse.

Chanzo cha yote kilikuwa mwanawe, Hafidhi.

Watoto wengine wa Sada, akina Nuriat, walimwita mama, kwa Kiswahili cha mjini. Hafidhi alilelewa na bibi yake huko Kibeta mpaka alipofika umri wa kuanza shule, akarudi nyumbani na Kihaya kizito kinywani, na hadi anavaa gwanda la jeshi hakujua kumwita mama yake kwa neno lingine ila maawe, yaani mama yangu. Akitoka shule alianza kuita tangu barabarani: "Maawe!" Na hakuingia ndani mpaka aitikiwe, "Mwana wange," yaani mwanangu. Sada angeweza kuwa na unga hadi viwikoni, angeweza kuwa katikati ya kumpa mtu vidonge vyake, lakini angekatisha kwanza aitike. Hata alipokuja likizo, mwanamume mwenye mabega ya mlango mzima, alisimama nje na begi lake akaita vile vile, na majirani wakacheka.

Kisha Hafidhi akapelekwa Kongo na kikosi chake kulinda amani, na amani ikamrudisha ndani ya jeneza lenye bendera.

Baada ya msiba, mjukuu wa Immakulata, jirani yao, alimwamkia Sada kwa Kihaya, kwa adabu tu, akamwita maawe. Sada akatua ndoo ya maji, akaingia ndani, akafunga mlango hadi jioni. Kuanzia hapo mtaa mzima ukaelewa kwamba huyu ni Bi Sada, au Mama Nuriat ukipenda, na lile neno jingine halitumiki.

Aliyeleta jeneza alikuwa koplo mmoja mrefu, mtu wa Tanga, jina lake Riyadhi. Sada alimshika mkono pale uani akamuuliza swali ambalo mama yeyote angeuliza. Nani alikuwa naye?

"Padre, mama," alijibu Riyadhi. "Padre wetu wa jeshi. Alikuwa naye mpaka mwisho. Alimmwagia maji, akamsomea maneno."

Kisha akafunga mdomo, akatazama buti zake, wala hakusema zaidi hata alipovutwa gwanda. Lakini aliyoyasema yalitosha, maana nyuma ya mlango alikuwa amesimama Maimuna, wifi yake Sada, na Maimuna hakuwahi kukutana na habari akaiacha ipite yenyewe. Maji na maneno! Mji mzima wa Bukoba unajua padre akimmwagia mtu maji na kumsomea maneno huwa anafanya nini. Kabla ya alasiri Hamugembe yote ilikuwa na habari kwamba Hafidhi kabatizwa akiwa anakata roho, kafa Mkristo, na watu wamemzika makaburi siyo.

Mzee Mustapha, mumewe Sada, alisema sentensi moja tu: "Mwanangu namjua." Hakubishana na mtu. Miaka miwili baadaye naye akafariki akiwa na sentensi yake hiyo hiyo. Sada alitamani kuwa na moyo wa namna ile, akaukosa. Kila alipoinua mikono kumwombea mwanawe, kitu kilimkaba kooni, hajui anamwombea yupi, Hafidhi wake au mtu ambaye padre alimgeuza dakika za mwisho, wakati mtoto wa watu hana nguvu ya kukataa.

Yule padre aliandika barua, tena mara tatu. Zote zilipitia kwa Immakulata, Mkatoliki wa kwenda kanisani kila Jumapili, ambaye Sada hakumgomea hata kidogo, maana Maimuna wangemsema na nani kama si wao kwa wao? Zote tatu Sada alizirudisha bila kuzifungua. Ya tatu aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayemtoa panya aliyekufa.

Sasa Nuriat akajifungua mtoto wa kiume, na akataka kumwita Hafidhi.

Akika ilikuwa siku ya saba. Siku ya tano Maimuna alikuja kumwona mzazi, akamshika mtoto, akamsifia pua, kisha akasema kwa ile sauti yake ya huruma: "Jina zuri. Ila mtoto atapewaje jina la mtu aliyetoka kwenye dini? Mimi nasema tu." Nuriat alilia mpaka maziwa yakagoma. Wifi mtu alipoondoka, Nuriat alimgeukia mama yake.

"Mama, sema wewe. Ukisema hapana nitatafuta jina jingine, wala sitakuuliza kwa nini. Lakini useme wewe, siyo shangazi."

Sada alifungua mdomo, na ndiyo haikutoka, na hapana haikutoka. Akamtazama yule mtoto mwekundu aliyelala bila jina, akaona aibu. Alikuwa na siku mbili.

Immakulata ndiye aliyemtoa pale alipokwama. Alikuja na chane ya ndizi, akaketi, akasikiliza yote, kisha akasema, "Padre Byarugaba yuko kwao, jirani na Rubya. Jumatatu anaingizwa tena hospitali kwa ajili ya mguu. Umemchukia miaka saba hata uso wake huujui. Twende ukamchukie ana kwa ana."

"Niende kwa padre, mimi?"

"Kwani atakubatiza na wewe? Nitakushika mkono."

Sada alitaka kukasirika akashindwa, akacheka bila kupenda. Kesho yake asubuhi walikuwa ndani ya gari la Muleba.

Njia nzima Sada alikuwa anapanga maneno. Aliyapanga yakapangika: ataanza hivi, atamalizia vile, na padre hatapata pa kuchomokea. Immakulata alisali rozari yake kimya kimya dirishani, na kila gari lilipopiga kona alikatisha sala akamuonya dereva. Walipofika Muleba, aliyekuja kuwapokea na gari dogo la mizigo alikuwa mwanamume mrefu mwenye ndevu zilizoanza mvi. Sada alimtambua kabla hajafungua mdomo. Alikuwa yule koplo.

"Shikamoo, mama," alisema Riyadhi, akainama sana.

Alikuwa ameacha jeshi, ameoa hapo hapo Muleba, ana duka la spea za pikipiki. Immakulata alikuwa amempigia simu Edvina, dada yake padre, na Edvina akamtuma Riyadhi. Hayo Sada aliyapata kwa Immakulata, maana Riyadhi mwenyewe aliendesha hadi Rubya bila kutamka neno, na mikono yake ilikuwa imekamata usukani kupita kiasi.

Padre Byarugaba walimkuta barazani amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja umenyooka mbele yake, anamenya ndizi. Sada alisimama pale pale. Mwanamume wa Kihaya, mtu mzima, tena padre, anamenya ndizi hadharani, kazi ya wanawake! Edvina alitoka jikoni akifuta mikono, akaona macho ya mgeni yalipo.

"Usimshangae, mama," alisema. "Nimeshagombana naye nimechoka. Anasema mguu ndio mbovu, mikono mizima."

Padre akainuka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alikuwa mwembamba, amepata hamsini au karibu yake, na shati lake lilikuwa limefifia kola. Aliyemtarajia Sada alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya mimbari. Huyu alimkaribisha kwa mikono miwili, akampa kiti chenye mgongo, akarudi kwenye kigoda chake.

"Waitu padre, sikuja kula," alisema Sada kwa adabu ya Kihaya, na maneno yote aliyoyapanga yakamtoroka, likabaki moja. "Nimekuja kukuuliza. Mwanangu ulimbatiza?"

"Hapana, mama."

Basi. Sada alikuwa amejiandaa kwa hotuba, kwa maneno ya kuzungukazunguka, na jibu lile fupi lilimwacha mikono mitupu.

"Na shahidi wako nani?"

Padre alitazama ndizi aliyokuwa nayo mkononi. Aliyejibu alikuwa Riyadhi, aliyebaki amesimama chini ya ngazi.

"Mimi, mama. Nilipaswa kukueleza siku ile ile. Sikukueleza kwa sababu ningeanza na maji, ungeniuliza ya kabla ya maji, na ya kabla ya maji yananihusu mimi."

"Koplo," alisema padre taratibu, "hulazimiki."

"Nalazimika, Padre."

Akaketi kwenye ngazi, akasimulia akitazama migomba.

Walikuwa doria, watu ishirini, wakaviziwa mchana kweupe. Hafidhi alikuwa mbele. Risasi ilimpata tumboni akaanguka shambani, mbali kiasi cha uwanja mmoja wa mpira na nusu, na wenzake wakabanwa nyuma ya tuta la udongo, hakuna anayeweza kuinua kichwa. Karibu na pale alipoanguka kulikuwa na malundo ya mawe. Wakulima wa kule wanalima kwenye ardhi ya mawe tupu, huyaokota wakayarundika pembeni. Na Hafidhi akaanza kupiga kelele.

"Mimi ndiye niliyekuwa na redio," alisema Riyadhi. "Kamanda akaniuliza, anasemaje? Nikasikiliza vizuri. Nikasema, anatuonya, mkuu. Anasema adui yuko kwenye mawe. Maana mama, alikuwa anaita hivyo tu, bila kupumzika. Mawe! Mawe! Mawe!"

Immakulata alishika mdomo. Edvina, mlangoni, akakaa chini pale pale kwenye sakafu.

Sada hakushika kitu. Alilisikia neno likipita masikio ya mtu wa Tanga, likipita redio, likipita miaka saba, likamfikia. Lilikuwa linamtafuta yeye. Mwanawe alikuwa amelala kwenye shamba la watu wasiomjua, tumbo limepasuka, anamwita kama alivyomwita kutoka barabarani, anasubiri kuitikiwa ndipo aingie ndani, na watu ishirini wenye bunduki wamekaa wanayatazama mawe.

"Nikaripoti hivyo hivyo," Riyadhi aliendelea, na sasa alikuwa analia bila kujificha. "Kamanda akatoa amri mtu asisogee mpaka waje wa kutusaidia. Amri ilikuwa sahihi, mama, kwa habari niliyompa mimi. Tulikaa saa nzima. Tulimsifu! Tulisema, angalia kijana, anakufa bado anatuonya."

Padre alifika baada ya hiyo saa. Alikuwa amekuja na gari la chakula kwenye kituo cha nyuma, kusalisha Misa, akasikia milio, akapanda na waliopeleka risasi. Alitambaa hadi kwenye tuta akiwa na begi lake la Misa kifuani. Akasikia ile sauti, ambayo wakati huo ilikuwa imeanza kupungua, na uso wake ukabadilika.

"Akatuuliza, huyo ni nani? Tukasema Hafidhi. Anatokea wapi? Tukasema Bukoba. Akasema, hasemi mawe nyie. Anamwita mama yake."

Riyadhi alijifuta uso kwa kiganja.

"Kamanda alikataa. Alimwambia, Padre, wewe huna hata bunduki, nikikupoteza nitasema nini? Padre akasema, useme nilikwenda kumwitikia mtu. Akafungua begi, akatoa kanzu yake nyeupe ya Misa, akaivaa juu ya gwanda ili waone hana silaha. Akavua kofia ya chuma akanipa mimi. Akasimama. Mama, mimi nimeona watu majasiri, nimeona wanaokimbia na bunduki huku wanapiga kelele. Sijaona mtu mwingine anayesimama wima mbele ya risasi na mikono juu, akaanza kutembea kama anayekwenda altareni."

"Koplo anatia chumvi," alisema padre. "Magoti yalikuwa yanagongana. Nilitembea polepole kwa sababu nisingeweza kukimbia."

"Walimpiga akiwa nusu ya njia. Goti. Akaanguka. Tukasema basi. Kisha tukaona ile kanzu inatambaa, nusu nyeupe, nusu nyekundu. Na alikuwa anapiga kelele kwa Kihaya. Sikujua anasema nini, ila Hafidhi alinyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, alinyamaza. Na wale waliokuwa wanapiga nao wakaacha. Mpaka leo sijui kwa nini waliacha."

Kuku alipita akidonoa maganda ya ndizi. Sada alikuwa amemkazia macho padre, na hasira yake, ambayo aliilisha na kuilea miaka saba, aliitafuta kila mahali asiione. Badala yake alijisikia mdogo mbele ya lile goti.

"Maji," alisema hatimaye. "Niambie ya maji."

Padre akaweka kisu chini.

"Nilikuwa na chupa moja. Kwa jeraha la tumbo mtu hanyweshwi, nikawa nalowesha midomo yake tu. Akaniambia, Padre, alasiri imeingia, nitawadhishe. Nikamwambia sijui vizuri. Akasema atanielekeza. Nikaanza na mkono uliokuwa karibu yangu, wa kushoto. Akaniambia, kulia kwanza, Padre. Bibi yangu wa Kibeta alinichapa kwa kosa hilo hilo, akanimwagia kata nzima ya maji kichwani. Akataka kucheka ikamuuma. Tukaanza upya."

Sada alifumba macho. Habari ya kata ya maji aliijua yeye, na marehemu mama yake, na Hafidhi. Maimuna mwenyewe hakuwahi kuipata, la sivyo ingekuwa imeshafika Biharamulo.

"Na maneno?"

"Mimi na imamu wetu wa kikosi tulikuwa na mapatano. Yeye alijifunza sala ya kumsindikiza Mkatoliki anayekufa, mimi nikajifunza kumtangulizia Mwislamu shahada, kwa siku ambayo mmoja wetu hayupo. Tulifanya mazoezi jioni tukinywa chai. Alikuwa ananicheka matamshi mpaka anamwaga chai." Padre alitabasamu kidogo. "Siku ile imamu alikuwa kambi nyingine. Basi nilimtangulizia Hafidhi, akafuatisha."

"Alifika mwisho?"

"Alifika, mama. Mara mbili. Mara ya pili alinisahihisha."

Hapo Bi Sada alilia. Alilia kwa sauti, kanga usoni, mwili mzima, na Immakulata akahamisha kiti akamkumbatia, naye analia, rozari imewabana katikati. Alimlilia mwanawe, ambaye sasa angeweza kumwombea bila kitu kumkaba. Na alijililia mwenyewe pia, maana majibu haya yote yalikuja mlangoni kwake mara tatu, yamefungwa vizuri na kubandikwa stempu, na yeye akayarudisha.

Alipotulia aliona padre hajashika tena kisu. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu ambaye zamu yake ya kuhukumiwa imefika.

"Kuna jingine, mama," alisema. "Ndilo hasa nililokuandikia. Tulikaa pale muda wa saa nne kabla ya msaada kufika. Mwishoni macho yake yalikuwa hayaoni tena, hakujua niliyemshika ni nani. Akaita. Aliita maawe. Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba ni mimi Padre Byarugaba, mama yako yuko mbali. Sikuweza. Nikamwitikia kama mama anavyoitikia. Nikamwambia, mwana wange. Akashusha pumzi, hakuita tena." Akainua kichwa. "Nilichukua nafasi yako bila ruhusa yako. Alikufa akidhani ni wewe. Miaka saba nimekuwa nikitafuta kukuomba radhi."

Sada alimtazama mtu huyu. Alitembea kwenye risasi bila silaha, akavunjwa mguu ambao madaktari bado wanahangaika nao, akamtawadhisha mwanawe na kumtangulizia shahada ya dini ambayo siyo yake, na kati ya hayo yote kilichomkosesha usingizi ni kwamba aliazima sauti ya mama wa watu. Kama watu wa namna hii wapo, alifikiri, basi yeye alizunguka migombani miaka saba kwa ujinga mtupu. Alitaka kumwambia hivyo. Lakini neno lililomtoka lilikuwa jingine.

"Ulisema mwana wange? Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Ndivyo nilivyokuwa namwitikia," alisema Sada.

Chakula kililetwa, na Sada, ambaye hakuja kula, alikula. Kuku alikuwa amechinjwa na Riyadhi asubuhi kabla ya kwenda kuwapokea. Edvina alieleza kwamba katika nyumba hii Riyadhi ndiye mchinjaji siku zote, kwa hiyo mgeni yeyote anakula bila wasiwasi. Riyadhi alikuwa amekaa pembeni na sahani haiguswi. Sada alichukua paja la kuku kwenye bakuli, akamtilia kwenye sahani.

"Kula, baba. Kihaya hukukijua, ungefanyaje?"

Riyadhi akaivuta sahani karibu. Akala.

Kabla ya kuondoka Sada aliomba simu ya Immakulata, akampigia Nuriat. Aliongea kwa sauti kubwa, kama wanavyoongea wote wasioiamini simu, na baraza nzima ikasikia.

"Nuriat! Mwite Hafidhi. Eeh. Nimesema mimi. Na mwambie shangazi yako kesho awahi, akae mbele kabisa, nina habari yake."

Edvina alimletea zile barua tatu, na safari hii Sada alizipokea kwa mikono miwili, akazifunga kwenye pindo la kanga. Padre alisisitiza kuwasindikiza hadi kwenye gari, na mkongojo wake, hatua moja moja, wote wakijifanya na wao hutembea polepole namna ile. Immakulata alimwahidi sala kwa ajili ya Jumatatu. Sada alisema na yeye ataomba kwa namna yake, wala asidhani dua yake itachelewa kufika.

Riyadhi alikuwa ameshawasha gari. Padre aliinua mkono.

"Haya, safari njema, maawe."

Lilimtoka tu, kama linavyomtoka Mhaya yeyote mbele ya mwanamke wa umri ule, na pale pale akatambua alichokisema, mkono ukabaki hewani. Immakulata aliganda mlangoni mwa gari. Alikumbuka ndoo iliyotuliwa chini na mlango uliofungwa hadi jioni.

Bi Sada alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ya gari. Akaushusha. Akageuka, akaweka kanga yake sawa begani, akamtazama padre usoni, akaitika.

"Mwana wange."